Kliniki ya selimundu ya hospitali yetu ya wilaya: nesi anayesimama upande wa mtoto

Kama una mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na unaishi huku kwetu, kusini mwa Ziwa Victoria, mpeleke kliniki ya Jumatano ya hospitali yetu ya wilaya, lile jengo dogo nyuma ya wodi ya watoto. Ukifika, omba kukaa na nesi wa kliniki kabla ya kuingia kwa daktari. Mimi ni shangazi wa mtoto anayetibiwa pale, nauza dagaa sokoni, sina undugu na mtumishi yeyote wa hospitali. Naandika kwa kuwa kina mama wenzangu bado wanazunguka na watoto kwa waganga na kwenye maduka ya dawa, na huduma iko karibu.

Dawa utakazopewa ni zilezile za kwingine. Foliki, vidonge vya kusaidia mwili kutengeneza damu, kila siku, penisilini asubuhi na jioni kwa walio chini ya miaka mitano, chanjo zote, chandarua, na haidroksiurea kwa wale ambao daktari ameona inawafaa. Hiyo ya mwisho wazazi wengi huiogopa, maana wamesikia ni dawa ya kansa. Nesi hakutukatalia. Alisema ni kweli hutumika huko pia, kisha akatueleza kwamba watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda waliofuatiliwa wakiinywa walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo. Kwa wenye wachanga, huchukua mkono wa mzazi, akauweka chini ya mbavu za kushoto za mtoto, akamfundisha kupapasa bandama ili aijue ilivyo siku za kawaida. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, ni hospitali usiku huohuo, usingoje kukuche.

Ila kilichonifanya nibaki ni namna anavyomtetea mtoto mbele ya watu wake mwenyewe.

Kabla ya hapo tulikuwa tukienda mahali pengine. Siku moja mhudumu aliiona hirizi kiunoni mwa mtoto, akachukua mkasi akaikata mbele ya benchi zima, huku akimwita wifi yangu mshamba. Wifi hakurudi tena pale. Mtoto alikaa nyumbani na vidole vimevimba, na mama yangu akaagiza dawa ya mitishamba ya kutapisha. Mtoto wa selimundu akitapika na kuharisha anaishiwa maji mwilini, na maji yakipungua maumivu yanakuja juu. Alilazwa, akaongezewa damu.

Nesi huyu wa Jumatano aliikuta hirizi nyingine. Akauliza tu, kwa upole, nani ameifunga, na mtoto amekunywa nini, na chale amechanjwa wapi na lini. Wifi akasema yote bila kuficha, kwa sababu hakuna aliyemcheka. Nesi akamwambia hirizi haina shida na dawa zake, ibaki. Ya kutapisha asipewe kabisa, na chale zisiongezwe kwa wembe uliotumika kwa mwingine. Nimeona wataalamu wanaojua ugonjwa vizuri kuliko yeye, lakini wazazi huwadanganya, na mtaalamu aliyedanganywa anamtibu mtoto gizani.

Tatizo kubwa lilikuwa nyumbani kwetu. Ndugu upande wetu walishasema wifi ameleta damu mbaya ukoo, na kulikuwa na maneno ya kudai ng'ombe wa mahari warudi. Wifi akarudi kwao, mtoto akabaki kwangu. Nilipomweleza nesi, aliuliza nani mwenye neno katika familia. Nikamwambia mama yangu na baba yangu mkubwa. Akaja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chetu, siku ambayo si ya kliniki. Akapiga magoti, akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", akala viazi alivyopewa, akauliza habari za mvua na za mifugo. Ugonjwa hakuutaja hadi baba mkubwa mwenyewe alipouliza.

Ndipo akamuuliza mzee: kwenye zizi lako, dume jeusi na jike jeusi hawajawahi kukuzalia ndama mwekundu? Mzee akasema wamezaa, mara nyingi tu. Akamwambia wekundu ule ulikuwa umejificha kwa baba na umejificha kwa mama, na ndama amepata pande zote mbili. Selimundu huja hivyohivyo: kaka yangu ametoa fungu lake, wifi ametoa lake, hakuna aliyemletea mwenzake. Akaongeza jambo lililowagusa sana wazee, kwamba mwenye fungu moja tu haugui, na fungu hilo humkinga mtoto na malaria kali. Ndiyo maana limeenea ukanda wetu wenye mbu kuliko kwenye baridi. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu, haukuanzia kwetu.

Mama aliuliza kama basi mgonjwa ameshapatikana mmoja, watatu watakaofuata watakuwa wazima. Nesi akasema hapana, kila mimba inaanza hesabu upya, moja kati ya nne. Alisema bila kulainisha, na nilimheshimu kwa hilo. Wifi alirudi baada ya mavuno ya mpunga. Maneno hayajaisha yote, lakini habari ya ng'ombe haijatajwa tena.

Shuleni nako alikwenda. Mtoto wetu alikuwa akichapwa kwa kuchelewa mchakamchaka, na wenzake wakimtania macho ya njano. Nesi aliomba azungumze na walimu wote, siyo mmoja, maana mwalimu wa zamu hubadilika. Sasa chupa yake ya maji iko juu ya dawati, anaruhusiwa kwenda chooni bila kunyoosha mkono mara kumi, hakimbii alfajiri kwenye baridi, habebi ndoo ya maji ya bustani. Akiwa na homa mwalimu ananipigia simu saa ileile.

Kasoro zipo. Haidroksiurea mara nyingine haipo dirishani, unaandikiwa ukanunue nje, na bei inauma. Chini ya miaka mitano sera ya serikali ni matibabu bure. Ukivuka hapo bila bima, mfuko wako ndio unaoongea. Kliniki ni siku moja kwa wiki, na foleni hufika hadi mlangoni. Nesi alipokuwa likizo, aliyemshikia nafasi alikuwa akisoma kwa sauti jina la mtoto pamoja na ugonjwa wake, watu wote benchini wakisikia. Kijijini habari kama hiyo inafika nyumbani kabla yako.

Ukienda, beba daftari la kliniki, maji ya kunywa, sweta la mtoto, na dawa zote anazotumia, za mitishamba pia. Akiwa na homa usingoje Jumatano, nenda mapokezi ya dharura moja kwa moja.

Kwa uongozi wa hospitali: watumishi huhamishwa, na kazi hii iko mikononi mwa mtu mmoja. Tunaomba nesi wa pili akae naye sasa, aende naye vijijini na shuleni, ajifunze kabla huyu wa sasa hajahamishwa. Nimeandika barua ya ombi hilo kwa mganga mfawidhi. Wazazi mnaotaka kuweka sahihi, mnikute benchini Jumatano kabla ya saa mbili asubuhi.