TAHADHARI: Muuza senti za zamani za "dabo-dai", Kampala

Ndugu zangu mnaokusanya sarafu, kuna mtu anazunguka Kampala na mitandaoni, na ameshakula pesa za watu. Anauza senti 10 za zamani za Afrika Mashariki, zile za shaba zenye tundu katikati na pembe za ndovu, akidai ni "dabo-dai", yaani maandishi yake yamejirudia kwa kosa la kiwandani. Moja anaitaka laki nne na nusu. Senti ya kawaida ya namna hiyo hata elfu tano ni nyingi.

Mbinu yake ni hii. Anakutumia picha moja, mwanga ukitokea upande mmoja tu, hivyo kivuli cha herufi kinaonekana kama herufi ya pili. Ukionyesha nia, kabla hujalipa unapigiwa simu na "mnunuzi" kutoka Nairobi anayetafuta sarafu hiyohiyo, mwaka huohuo, yuko tayari kutoa milioni tatu. Hapo wengi ndipo wanaponasa. Unatuma pesa kwa simu, sarafu inakuja na basi, na kweli inafika. Wa Nairobi ndiye hapatikani tena. Huyo ni mwenzake, msidanganyike.

Mpwa wangu aliuziwa ya mwaka 1943 yenye alama SA, maana yake ilipigwa Pretoria. Nimeikagua kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Pembeni mwa tarakimu 4 na 3 kuna kijingazi bapa, kimelala chini karibu na uso wa sarafu, kinang'aa, na tarakimu zenyewe zimekuwa nyembamba kuliko kawaida. Hiyo si dabo-dai. Ni muhuri wa chuma uliocheza kidogo ulipokuwa ukiinuka baada ya kugonga, ukakwaruza ubavu wa maandishi ambayo umetoka kuyapiga. Hutokea sana, kwa sarafu za nchi nyingi, na hauiongezei sarafu thamani.

Dabo-dai ya kweli inaanzia kwenye muhuri wenyewe, kabla haujapiga sarafu hata moja. Zamani muhuri ulitengenezwa kwa kukandamizwa na chuma mama, yaani kile chenye maandishi na picha za sarafu zilizoinuka, zaidi ya mara moja. Ukikaa umegeuka kidogo mara ya pili, maandishi yanachongeka mara mbili ndani yake. Basi kila sarafu inayotoka kwenye muhuri huo itakuwa na kosa lilelile, mahali palepale. Herufi zinanenepa, hazikondi. Picha zote mbili zimeinuka na kuviringana, na kwenye ncha za herufi utaona mpasuko mdogo kama mkia wa mbayuwayu. Tazameni ncha kwanza. Mimi ndipo ninapoanzia.

Kuna pia muhuri uliochakaa, ambao huacha herufi na ukungu wa kuvimba pembeni. Hiyo nayo anaiuza kwa jina lilelile.

Ili umwamini, anakutumia picha ya senti 1 ya Marekani ya 1955, ile ya Lincoln. Ile ni ya kweli na inajulikana dunia nzima: mwaka na maneno LIBERTY na IN GOD WE TRUST yanaonekana mawili mawili hata kwa macho matupu. Lakini thamani ya ile haihamii kwenye senti uliyoshika wewe.

Sasa ameongeza za 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza, anasema zimebaki chache kwa sababu mfalme huyo hakumaliza mwaka. Kweli aliacha kiti Desemba 1936. Ila senti 5 na senti 10 zake za Afrika Mashariki zilipigwa kwa mamilioni, na herufi H na KN zilizo juu yake ni alama za viwanda vya Birmingham, si namba ya siri.

Nyingine anazisugua kwa limau na majivu mpaka zinakuwa za waridi. Inaniuma sana kuona hivyo, kwa sababu ule weusi wa miaka 80 ukishatoka haurudi, na mkusanyaji makini haigusi tena.

Akikufuata, mwombe picha mbili za tarakimu za mwaka, moja mwanga ukitoka kushoto na nyingine kulia. Kivuli kitahama, dabo-dai haihami. Mwombe pia mkutane mchana, sehemu yenye watu, uje na lenzi yako. Mpwa wangu alipoomba hivyo kwa sarafu ya pili, alizuiwa namba papo hapo.

Mliokwisha tuma pesa: pigieni kampuni ya simu mara moja kabla hazijatolewa, msifute ujumbe wa muamala, na mwende nao polisi pamoja na sarafu yenyewe bila kuisafisha.