TAHADHARI: Jamaa anayeuza "seti kamili" za amplifaya na besi za inchi 18 hapa Dodoma, soma kabla hujatuma hela

Mbukwenyi wana Dom. Hii ni kwa wenye mziki wa kukodisha, makwaya na MaDJ wa harusi, na nyie wa Kibaigwa, Mpwapwa na Manyoni mnaopenda kuagiza vitu kwa simu. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na picha za besi nne za inchi 18 na amplifaya moja imeandikwa wati 8000, anasema ameshazipimisha zinaendana, wewe kazi yako ni kuchomeka tu. Bei tamu kweli, hela hiyo kwa spika og hupati hata mbili. Jina simtaji na namba zenyewe anabadilisha, ila mchezo ni ule ule na mimi nimeshafungua vitu vyake mezani kwangu ndo maana naandika.

Tuanze na spika. Stika nyuma inasema omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, zikipungua amp inabeba mzigo mzito zaidi), wati 2000. Chukua testa upime koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) ikiwa haijaungwa na kitu chochote, spika ya omu 8 ya kweli inasoma kama 5 na nusu mpaka 6 na kitu, hizi zake zinasoma 3 na pointi, yaani ni za omu 4 zimebandikwa stika tu. Sasa mteja anaunga mbili mbili kila upande, chanya na chanya hasi na hasi, kama jamaa alivyomchorea kwenye karatasi, anaamini amp inaona omu 4 kumbe inaona 2, na amp yenyewe nyuma imeandikwa isishuke chini ya omu 4!! Ikipigwa kidogo feni inalia, inajizima, inarudi, inajizima tena, mwisho moshi. Kuna wengine kawaambia waweke briji (pande mbili za amp zinasukuma mzigo mmoja kwa pamoja) ili besi ipige kifua, na kwenye briji kila upande wa amp unabebeshwa nusu ya omu za mzigo, kwa hiyo zile 2 zinakuwa 1. Huyo hata miezi miwili hamalizi.

Halafu vua lile raba linalofunika sumaku. Sumaku ndogo, chini yake bamba la chuma limegundishwa ili spika iwe nzito ukiinyanyua. Koili ni ya inchi 2 na kitu wakati inchi 18 za kazi nzito wengi wanaweka inchi 4.

Amp nayo ni vichekesho. Transista zimepangwa nyingi kwenye hitsinki (bati la kupoza joto) ukichungulia unasema hii mashine, kumbe nusu yake ni mapambo, miguu haijaungwa popote. Angalia na fyuzi ya nyuma, ni ya ampea 8, na umeme wetu ni volti 230, zidisha mwenyewe unapata wati 1840, sasa hizo 8000 za mfululizo zinapita wapi?

Ila kinachoniuma zaidi ni garantii. Anakupa miezi sita kwa mdomo, na risiti ya kuandika kwa mkono, ya mashine ya EFD hana. Ukirudi na koili nyeusi anakwambia umezidisha sauti, taa nyekundu ya klipu (amp imesukumwa kupita uwezo wake, mziki unakatika) ilikuwa inawaka. Na watu wanakubali, kwa sababu ni kweli klipu ya muda mrefu inaunguza koili. Basi pale pale anakuuzia koili mpya na amp "kubwa zaidi". Kuna kwaya moja walichanga mpaka wakafika milioni tatu na laki nane, zikaungua, sasa mpiga kinanda wao ndo anaonekana mharibifu, kijana wa watu hana kosa lolote.

Ukitaka kuoanisha vizuri achana na namba kubwa ya kwenye boksi, uliza RMS, yaani wati za mfululizo. Besi mbili za omu 8 zenye RMS 600 kila moja ukiziunga pamoja ni omu 4 na RMS 1200, tafuta amp inayotoa 1200 mpaka 1800 kwa omu 4 kila upande, na limita (ya kuzuia sauti isizidi kiwango) iwekwe na mtu anayejua. Muuzaji akishindwa kukujibu swali la RMS kwa omu ngapi, ondoka.

Walioshapigwa, kachukueni RB (namba ya taarifa yenu) polisi mkiwa na meseji na muamala wa kutuma hela, na bidhaa feki zinashughulikiwa na FCC (Tume ya Ushindani), msifute chati. Tunaelekea Nanenane ya Nzuguni na ameshaanza kupost tena, safari hii seti ina rangi ya bluu. Kama unayo ya kwake na hujaiwasha bado usiiwashe, niibukie inboksi nikuelekeze kupima koili kwanza, testa ya bei rahisi tu inatosha.