Zigizaga au mawimbi kwa shuka la viraka?

Kwa mashuka ya viraka vya kanga tunayoshona hapa Ngamiani, Tanga, mimi nachagua mshono wa mawimbi, ule wa cherehani unaopinda taratibu kama mawimbi. Unapita juu ya tabaka zote tatu, yaani kanga, pamba na kitambaa cha chini, bila kuvuta nguo, na hata mkono ukiyumba kidogo haionekani. Urefu wa mshono wa milimita 2.5 hadi 3 unatosha. Ukibana zaidi shuka linakuwa gumu.

Zigizaga, mshono wa pembe pembe, ina kazi yake: kushikiza juu ya shuka ua lililokatwa kutoka pindo la kanga. Upande mmoja sindano itue ndani ya ua, upande wa pili nje kidogo ya ukingo, nyuzi zisichomoke. Ila ukiitanua kwenye kitambaa chepesi, kinajikunja. Weka karatasi chini, uichane ukimaliza. Cherehani yenye mshono ulionyooka tu, yenyewe haitoi wowote kati ya hii miwili.