Seti ya nako za Land Cruiser HZJ75: uzoefu wangu wa kuifunga nyumbani

Kama una Land Cruiser ya zamani, ile ya ekseli nzima mbele (bomba moja la chuma kutoka tairi hadi tairi), na mwaka huu mfuko unaruhusu kazi moja tu, anzia kwenye nako, yaani vile viungo vya mwisho wa ekseli vinavyogeuza matairi ya mbele. Nimebadilisha mengi kwenye gari langu tangu nilitoe mnadani, ila hakuna hela ambayo faida yake nimeiona haraka kama ile niliyonunulia seti ya sili na beringi za nako.

Gari lenyewe ni HZJ75, "hadi topu" (paa la bati) ya mabenchi nyuma, mali ya mradi uliokwisha muda wake. Linalala uani kwangu hapa Iringa, na kazi yake ni njia ya Kilolo: milima, ukungu, na udongo mwekundu ambao mvua ikishanyesha hauchekani na mtu. Injini ni 1HZ, dizeli ya silinda sita, ukubwa wa cc 4,164, haina tabo wala kompyuta. Toyota walianza kuifunga kwenye magari haya mwaka 1990. Naipenda kwa sababu karibu kila kinachoiumiza utakisikia, utakinusa au utakiona chini ya gari asubuhi. Kisichotoa taarifa ni mkanda wa taimingi. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu na pistoni zinagongana. Kwa gari la mnada usihangaike kuuliza historia: weka mkanda mpya pamoja na roli yake ya kukazia, uanze kuhesabu upya. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi inahesabu kilomita tu, haiujui mkanda wenyewe ukoje, na mtu yeyote anaweza kuirudisha sifuri.

Sasa nako. Nyuma ya tairi la mbele kuna bonge la chuma la mviringo, na humo ndani ndimo inamozunguka sivi jointi, kiungo kinacholizungusha tairi hata likiwa limekata kona. Oili ya difu (gia zilizo ndani ya ekseli) ina upande wake na grisi ina upande wake. Kinachozitenganisha ni sili moja ya mpira iliyo mwishoni mwa bomba la ekseli. Sili hiyo ikichoka, oili inapita, inayeyusha grisi, na mchanganyiko unachuruzika nje hadi unafika kwenye diski ya breki. Wengi wakiona bonge limelowa husema ndiyo kawaida ya gari hizi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Difu inazidi kukauka huku sivi jointi inaoga kwenye uji wa oili na maji ya mtoni, na matokeo yake ni ule mlio wa tak-tak ukikata kona umefunga foo wili. Sivi jointi mpya ya maana bei yake haifanani kabisa na bei ya seti ya sili.

Niliagiza seti ya Kijapani kutoka Dar, ikaja kwa basi. Ndani yake kuna sili za ndani za ekseli, sili za habu (kitovu kinachobeba tairi), gasketi, beringi za nako za juu na chini zilizoandikwa Koyo (chapa ya Kijapani), na zile pete za kufutia bonge kwa nje: ya feliti, ya mpira, na bati la kuzishika. Kabla yake dukani nilionyeshwa seti nyingine, bei chini ya nusu. Nikazishika sili zote mbili mkononi. Ya bei rahisi mdomo wake ni mgumu, ukiubonyeza kwa ukucha hauitiki, na chemchemi ndogo inayoubana imelegea ndani ya mfereji wake. Ya Kijapani mdomo ni laini, unarudi mahali pake mara moja. Kwa kazi ambayo lazima ufungue breki, habu na shafti ndipo uifikie sili, kubana pesa kwenye sili yenyewe hakuna maana.

Kufungua kunahitaji subira kuliko nguvu. Gari juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Toa tairi, kalipa (kibanio cha breki) ifunge kwa waya isining'inie kwenye hozi, toa friwili, kile kifuniko cha habu kinachoiunganisha na shafti. Stadi za habu (boliti zake) zimebanwa na washa za koni, na hapo ndipo watu wengi huharibu stadi kwa kuchokonoa na bisibisi. Legeza nati hadi ilingane na ncha ya stadi, weka kipande cha shaba, piga nyundo moja ya uhakika. Koni inaruka yenyewe. Nati kubwa ya ndani inataka boksi (spana ya kikombe) namba 54. Tafadhali nunua boksi hilo. Nati zilizoliwa na tindo nimeziona kwenye magari mengi mno, na beringi iliyokazwa kwa tindo hakuna anayejua imekazwa kiasi gani.

Nilipovuta shafti ya kulia ulitoka uji wa rangi ya majivu, mwepesi kama mchuzi, wenye harufu ya oili ya gia. Grisi haikuwepo tena. Nilisafisha kwa dizeli na brashi hadi chuma kikaonekana, kisha bonge nikalisugua kwa msasa laini kuondoa alama za kutu, maana kutu ile hukwangua pete mpya mvua ya kwanza tu. Vile vibati vyembamba vinavyokaa kwenye beringi za juu na za chini nilivifunga mbalimbali na kuvitia alama, kwa kuwa ndivyo vinavyoweka nako katikati.

Kwenye kuingiza sili ya ndani nilimwita fundi wa jirani, mzee aliyeanza na Land Rover zamani hizo. Akaniambia, "Kijana wangu, sili haipigwi, inasukumwa." Tukatumia kipande cha bomba chenye upana sawa na sili, tukagonga kidogo kidogo kuzunguka hadi ikakaa sawa pande zote. Mdomo wake tuliupaka grisi kwanza. Shafti iingie umeibeba, isiburuzwe juu ya mpira mpya.

Beringi za habu zinakazwa kwa kupima. Mimi hutumia mizani ya kuvuta, ile ya wauza samaki: unainasa kwenye stadi ya tairi na kuvuta hadi habu ianze kuzunguka. Ikisoma kati ya kilo 3 na 5 niko radhi, nakunja washa ya kufungia nati.

Lakini haya yote ni bure usipoangalia kipumuo cha difu. Ni kale kakifuniko kadogo juu ya ekseli, na wengi hawajui kapo. Kakiziba kwa tope, ekseli ikipata moto hewa inatanuka, haina pa kutokea, inaisukuma oili kupitia sili. Ukiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, hewa inasinyaa ghafla na kuvuta maji ndani. Kosa ni la tope lililoziba kipumuo, lawama zinapewa sili. Changu kilikuwa kimeganda kabisa. Nimeweka kipya, nikakiunganishia hozi ndefu hadi chumba cha injini.

Masika yamepita na mabonge yana ule utando mwembamba wa grisi unaotakiwa, basi. Oili ya difu ni ile ile niliyoweka, 85W-90, haijapungua wala haijawa na rangi ya maziwa. Usukani umetulia, ule mtikisiko wa kwenye makorongo umekwisha.

Seti ina upungufu wake. Beringi za habu hazimo, unanunua pembeni, na grisi ya molibdeni, ile nyeusi, vilevile. Nako mbili zinakula nyingi kuliko unavyodhani. Maelekezo ya kufunga hakuna. Na ukubali kwamba nako haziwezi kuokoa gari lililooza. Kama chesesi imeliwa na chumvi ya pwani, au sakafu chini ya miguu ya dereva inabonyea, hela yako ya kwanza ni ya fundi bodi, na inaweza kuwa nyingi kuliko ya injini.

Ukienda dukani usiseme tu "ya Land Cruiser". Ekseli ya mbele ilibadilika mwaka 1999, hizi 78 na 79 zilipokuja na springi za koili, kwa hiyo seti si moja. Piga picha bamba lenye namba ya chesesi na modeli kwenye chumba cha injini, mpe muuzaji atafute kwa namba hiyo, na sili ya zamani nenda nayo mfukoni uzilinganishe kabla hujalipa.