Karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa ya Parkinson: tathmini ya binti anayemuuguza baba yake

Kwa miaka sita nimekuwa nikinunua vidonge vyenye mchanganyiko wa levodopa na kabidopa kwa ajili ya baba yangu, anayeishi wilayani Hai, na katika kila boksi hukuta karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi madogo ya Kiingereza pande zote mbili. Wengi huitupa pamoja na boksi. Mimi nimeisoma mwanzo hadi mwisho, kamusi mkononi, na nimeona niipime kama ninavyoweza kupima bidhaa nyingine yoyote, kwa sababu imelipiwa pamoja na dawa, na kwa sababu ndani yake yamo maneno ambayo yakieleweka vibaya humuumiza mgonjwa. Sitaji kiwanda, kwani karatasi za viwanda vitatu nilizozilinganisha zinafanana karibu katika kila jambo. Nitaipima sambamba na maelezo tuliyopewa baadaye na muuguzi wa kliniki, maana ni baada ya kumsikiliza yeye ndipo nilipotambua karatasi hiyo inakosa nini.

Niipe kwanza haki yake. Inaeleza vizuri kwa nini dawa ni mbili ndani ya kidonge kimoja. Katika ugonjwa wa Parkinson, chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo, na dopamini ndiyo kemikali inayopitisha amri za mwendo. Mgonjwa hawezi kupewa dopamini yenyewe, kwa kuwa haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Levodopa huvuka, kisha ikageuzwa kuwa dopamini humo humo ndani. Kazi ya kabidopa ni kuizuia levodopa isigeuke kabla ya kufika ubongoni, na hiyo hupunguza kichefuchefu na kuwezesha dozi ndogo kutosha. Ukishaelewa hivyo, tarakimu zilizo juu ya boksi zinasomeka: 25/100 ni miligramu 25 za kabidopa na 100 za levodopa, na 25/250 ina kabidopa ile ile lakini levodopa mara mbili na nusu. Anayedhani vidonge hivyo viwili vinaweza kubadilishana kwa kuwa vina jina moja amekosea sana. Karatasi hiyo pia ilituondolea hofu mama alipoona madoa ya kahawia kwenye kola ya shati la baba, kwa kuwa inasema wazi kwamba jasho na mkojo vinaweza kubadilika rangi bila madhara yoyote. Na imeandika kwa herufi nzito kwamba dawa isikatishwe ghafla. Hayo ni mambo makubwa na yamesemwa vizuri.

Upungufu wake unaanzia kwenye majina ya dalili. Inataja mtetemeko, ukakamavu wa misuli na bradikinesia kana kwamba msomaji amekwisha kufundishwa. Bradikinesia ni mwendo kuwa mzito: mtu anataka kunyanyuka kitini, nia anayo, mwili unachelewa kuitika, na kila anachokirudia, kama kufunga vifungo au kukoroga chai, hupungua ukubwa na kasi. Sisi tulikaa karibu miaka miwili tukidhani baba amekuwa mvivu, kisha tukadhani amenuna, kwa sababu uso wake ulikuwa haubadiliki hata akisimuliwa jambo la kuchekesha. Kumbe uso huo mkavu ni dalili yenye jina lake katika udaktari, sawa na sauti kufifia na mwandiko kusinyaa. Katika wilaya yetu hii hii ya Hai watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenye Parkinson, na wengi wa waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Sishangai hata kidogo. Sisi wenyewe tulikuwa tukisema, "Ni uzee."

Lakini neno moja ndilo lililonifanya niandike tathmini hii, nalo ni diskinesia. Katika karatasi limo kwenye orodha ndefu ya maudhi ya dawa, katikati ya kinywa kukauka na ndoto mbaya, bila hata nusu sentensi ya ufafanuzi. Mwaka wa tano wa matibabu, baba alianza kuyumba kiwiliwili na kuzungusha shingo na mabega, mithili ya mtu anayefuata ngoma asiyoisikia mwingine. Kwa lugha yetu ya nyumbani tulisema "anatetemeka zaidi," na kaka yangu, kwa mapenzi yote, akamwongezea nusu kidonge. Hali ikazidi. Akaongeza tena, na jioni ile baba alishindwa kula kwa sababu kijiko hakikuweza kufika mdomoni.

Mtetemeko wa Parkinson na diskinesia ni vitu viwili vyenye asili zinazopingana. Mtetemeko ni wa ugonjwa: kwa kawaida huonekana mkono ukiwa umetulia mapajani, una mpigo mmoja unaojirudia, na mara nyingi hupungua mkono unaponyanyuliwa kushika kitu. Diskinesia huletwa na matibabu, hasa baada ya miaka kadhaa ya kutumia levodopa: haina mpigo maalumu, ni ya kujinyonganyonga na kuyumba, na mara nyingi hutokea dawa inapofikia kilele chake mwilini. Ya kwanza inaweza kumaanisha kwamba dawa haitoshi, ya pili mara nyingi humaanisha kwamba dozi ile ni kubwa mno kwa wakati ule. Familia inayoyaita yote mawili "kutetemeka" itafanya tulichofanya sisi, na karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, ambayo ingeweza kutuzuia kwa sentensi mbili tu, haikutuzuia.

Muuguzi wa kliniki tuliyopelekwa baadaye hakuanza na karatasi. Alimwamkia baba, akaketi, akamgeukia mama akasema, "Mama, usiniambie anatetemeka. Niambie saa ngapi amemeza kidonge, na saa ngapi mwili umeanza kumchezacheza." Swali hilo moja lilifungua kila kitu. Akatufundisha maneno mawili ambayo karatasi inayataja kwa Kiingereza cha kuwasha na kuzima taa, yeye akayasema kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mpishi: dawa imekolea, na dawa imeisha. Dawa ikiwa imekolea mgonjwa hutembea na kuongea vizuri, na ikizidi kukolea ndipo diskinesia hujitokeza. Ikiisha kabla ya dozi inayofuata, uzito na ukakamavu hurudi, na kwa wengine kidole gumba cha mguu hujikunja kwa maumivu alfajiri. Daktari alipoona kumbukumbu zetu za wiki mbili aligawa dozi ya baba kuwa ndogo ndogo na za karibu zaidi. Hakumwongezea chochote.

Muuguzi alieleza pia jambo la chakula, ambalo karatasi inalipitia kwa mstari mmoja. Protini ya nyama, maharage na maziwa hushindana na levodopa kuingia mwilini, kwa hiyo kidonge kilichomezwa pamoja na sahani ya maharage kinaweza kuchelewa kufanya kazi au kufanya kidogo tu. Sasa baba humeza nusu saa kabla ya kula, na tofauti ilionekana ndani ya siku chache.

Yapo mengine mawili ambayo ningependa yaandikwe makubwa. La kwanza ni kuhusu metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika ambayo duka moja la dawa lilimpa baba alipolalamika kichefuchefu: huizuia dopamini kufanya kazi na inaweza kuzidisha dalili za Parkinson. Karatasi inaitaja, ila imefichwa kwenye sehemu ya mwingiliano wa dawa ambayo muuzaji hakuisoma wala sisi hatukuisoma kwa wakati. La pili halimo kabisa kwenye karatasi, nalo linatuhusu sisi wa huku: mbegu za upupu zina levodopa ya asili, ni kweli kabisa, na wapo wanaozisaga na kuzitumia. Lakini kiasi chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na mtu anayezichanganya na vidonge bila daktari kujua anaongeza dozi bila kuwa na kipimo chochote.

Kwa karatasi natoa nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa usahihi wake, kwani sikukuta ndani yake neno la uongo. Kwa maelezo ya muuguzi natoa tano, na hayalipiwi zaidi ya ada ya kawaida ya kliniki. Kasoro pekee ni kwamba hutolewa siku moja tu kwa wiki, na wanaotoka mbali hulazimika kulala mjini. Ukienda, nenda na daftari lenye safu tatu: saa ya kumeza, hali ya mwili kila baada ya nusu saa, na saa ya kula. Usiandike "anatetemeka." Andika kilichotikisika, na kama kilikuwa kimetulia au kinafanya kazi.

La kwetu safu ya kwanza huijaza baba mwenyewe. Mstari wake huanza na herufi kubwa na kuishia na vijiherufi kama punje za ulezi, na muuguzi huanza kwa kuzitazama hizo kabla hajatuuliza swali lolote.