Vitabu nilivyosoma mwaka huu: Tippu Tip, Peponi, Siti na wengine

Nianze na hasara. Kitabu cha kwanza nilichonunua mwaka huu nilikiagiza kwa simu, kikaletwa na bodaboda mpaka kazini, nikakifungua saa ya chakula huku wali unapoa. Nikasoma siku tatu hadi ukurasa wa 64. Nageuza, nakutana na 49. Nikadhani nimefunua vibaya. Kumbe kifungu kizima cha kurasa 16 kimeshonwa mara mbili, na kile cha kutoka 65 hadi 80 hakimo kabisa. Nikampigia aliyeniuzia. "Dada yangu, si kurasa chache tu hizo?" Chache! Ukurasa wa 64 mtu yuko mzima anakunywa chai, ukurasa wa 81 watu wanarudi makaburini. Kitabu sikitaji wala muuzaji simtaji, ila tangu siku ile silipi kabla sijapekua kurasa moja moja mbele ya mwenye duka, kama anayehesabu noti. Wengine wananuna. Wanune.

Mimi natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, Dar es Salaam, na nakaa Kimara, kwa hiyo usomaji wangu ni wa kwenye mwendokasi. Asubuhi ni kusimama umebanwa, kitabu kinabaki mkobani. Jioni nikivumilia kuacha mabasi mawili yapite, la tatu napata kiti, na hadi Kimara Mwisho nimemaliza sura. Huwa nachanganya: wiki hii riwaya, wiki ijayo kitabu cha mambo ya kweli. Mwaka huu mchanganyiko huo ulinigeuka, vitabu vikaanza kujibizana.

Kilichoanzisha ugomvi ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, kwa maneno yake mwenyewe. Nilikikuta kwa muuza vitabu vya mtumba, chini ya rundo la vitabu vya sekondari, toleo lile lililotafsiriwa na Whiteley, lenye Kiswahili upande huu na Kiingereza upande wa pili. Muuzaji alianza elfu thelathini, tukamalizana kwa kumi na nane. Kiswahili chake ni cha mzee wa Unguja aliyefariki 1905: nalikwenda, nalipata, thenashara. Kurasa za mwanzo unajikwaa, halafu sikio linazoea na unaanza kumsikia kabisa. Hapambi. Alikwenda, akapigana, akapata, akarudi, akakopa tena, akaondoka.

Kwa mtu wa hesabu ni kitabu kitamu. Frasila, bunduki, shanga, nguo, deni la Taria Topan, yule tajiri wa Kihindi aliyekuwa akiwakopesha mali wafanyabiashara wa safari za bara. Nilitoa penseli nikaanza kujumlisha pembeni. Frasila moja ni karibu kilo 16. Pembe ya frasila mbili basi ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji, na mfuko wa saruji mimi nauona kila siku ukimkunja mtu mgongo kutoka kwenye lori hadi stoo, hatua ishirini tu, na akifika anaguna. Hawa waliitoa Tabora hadi pwani kwa miguu. Penseli ikasimama hapo. Masultani wana majina, Waarabu wana majina na ya baba zao, wadai wana majina. Wapagazi wanakuja kwa mamia na kutoroka kwa mamia, nao ni idadi. Dukani kwetu hata misumari ina majina: wa nchi tatu, wa nchi nne, wa bati.

Kuna mahali anasimulia wapagazi wake walivyomtoroka Uzaramo. Akaingia vijijini, akakamata watu, akawafunga na kuwabebesha mizigo. Wazaramo wakambandika jina la Kingugwa, yaani chui. Anasimulia kwa utulivu kama mtu anayeeleza alivyobadili tairi. Uzaramo ndiyo hii hii ninayoipita kila jioni.

Lakini msimulizi ni fundi, tusimnyime haki yake. Kisa cha Utetera, huko Kongo, nilikisoma mara mbili. Alikuwa amesikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mtawala wa kule walitekwa wakapelekwa mbali. Alipofika kwa Kasongo Rushie akajitambulisha kuwa ni mjukuu wa mmoja wao: babu yangu alimnunua bibi yangu huko, mimi ni damu yenu. Mzee akafurahi, akamkabidhi utawala. Uongo mtupu, na yeye mwenyewe anatuambia sisi wasomaji kwamba ni uongo, kwa raha zake. Kwa usimulizi nampa nyota nne. Kwa mengine siwezi kumpa chochote.

Jioni moja mzee aliyekaa pembeni yangu kwenye basi alikuwa akichungulia jalada. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Huyo unayemsoma sisi tunamjua. Bibi yake baba yangu alikuwa Mmanyema, aliletwa na safari zao hao."

Nikamwambia nimefika katikati.

"Kamtaja humo?"

Sikuwa na jibu. Nikasema bado sijamaliza, na mzee akashuka Magomeni Mapipa.

Swali lile ndilo lililonifanya, nilipokwenda Mombasa kwenye harusi ya binamu yangu, niazime Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Ni kitabu kidogo, kilitoka 1934, na kimeandikwa na mtoto wa watu waliotekwa, wakakombolewa baharini na manowari za Waingereza, wakapewa makazi Frere Town iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Ile kengele yao bado ipo pale njia ya kwenda Nyali. Watu wa matatu wanapaita Kengeleni, na shangazi aliyeniazima kitabu amepita pale miaka arobaini akidhani ilikuwa kengele ya shule. Ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu kwamba jahazi la watumwa limeonekana.

Kitabu kina mahali panapouma kweli: jinsi mtu anavyokamatwa, kamba, njaa, kubanwa ndani ya jahazi. Tatizo langu ni kwamba Mzungu hakosei hata siku moja. Kila akitokea anatokea kama malaika, hadi unachoka. Naelewa kilichapishwa wakati gani na kwa mlango wa nani, na mtu aliyeokolewa baba yake ana haki ya kushukuru. Hata hivyo nilitamani kumsikia huyo baba akiongea jikoni kwake usiku, wamisionari wakiwa wamelala. Nunua ukikiona, hakichukui zaidi ya jioni mbili.

Ndipo nikaingia Peponi. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na mwaka mmoja baada ya yeye kupata Nobeli, yaani 2022, Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Niliwahi kuijaribu kwa Kiingereza nikaishia njiani. Kwa Kiswahili nilipitiliza kituo.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo isiyolipa katika mji wa bara ambako Wajerumani wamepitisha reli. Kila mara anafika mgeni tajiri, Aziz, ananukia manukato, anakula vizuri, na akiondoka anamwachia mtoto sarafu. Yusuf anamwita ami. Siku moja anaambiwa atafuatana na ami yake kwenda pwani, wanapanda treni, na mtoto anafurahia safari. Kule pwani anawekwa kwenye duka chini ya kijana mwingine, Khalil, na Khalil ndiye anayemfumbua macho: huyu si ami yako, mwite seyyid. Baba yako ana deni. Wewe ndiye rehani.

Nilifunga kitabu hapo. Mimi naandika madeni ya watu kila siku. Fulani kachukua nondo kumi, fulani bati ishirini, atalipa mwisho wa mwezi. Deni kwenye daftari langu ni mstari. Tippu Tip naye anataja madeni hivyo hivyo, mstari baada ya mstari, na sikuwahi kuwaza kwamba mwisho wa mstari anaweza kuwa amekaa mtoto anayeogopa mbwa usiku. Maana Yusuf anaogopa mbwa. Analala nje barazani na Khalil, na mbwa wa mjini wanakuja gizani kuwanusa. Katika vurugu zote za baadaye, msafara kwenda bara, maradhi, wapagazi wanaokufa njiani, mtawala Chatu anayewanyang'anya mali, mimi nilibaki na wale mbwa.

Tafsiri ni nzuri, na sehemu kubwa huwezi kuhisi kwamba ni tafsiri. Wahusika wanagombana na kutaniana kama watu wa pwani wanavyogombana na kutaniana. Hapa na pale sentensi ni ndefu mno, unarudi mwanzo kutafuta nani kafanya nini, na wale wanaotaka mwisho uliofungwa vizuri watakasirika. Mimi nilikasirika siku mbili. Sasa naona usingeweza kuwa vinginevyo, lakini siwaharibii utamu. Nyota tano, na hiki ni cha kununua kipya, msisubiri mtumba.

Baada ya hapo nilitaka kupumzika, nikachukua Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, wa Shaaban Robert nikidhani nitapata muziki. Sikupumzika. Siti alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, na jina alilopewa ni Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watumwa. Mama alifinyanga vyungu, binti akavitembeza kuuza, na inasemekana sauti ile ilikomazwa na kuita wateja. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Waliomwonea wivu walimtungia kejeli kwamba kaja mjini na kaniki, na bila sauti angekula nini, naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura si hoja, hasara ni kukosa akili. Mama yangu anaujua ule wimbo kwa moyo na anauimba akikwangua nazi, hasa shemeji zake wakiwepo.

Shaaban Robert namheshimu, Tanga sote tunamheshimu, ni wa kwetu. Lakini hapa ananikera. Kila Siti akikaribia kufungua mdomo, mwandishi anaingia mbele yake na mawaidha: kuhusu subira, kuhusu wivu, kuhusu utu. Mawaidha mazuri, Kiswahili kinateleza kama samli, na Siti amesimama nyuma anasubiri zamu. Alimwona kwa macho yake kabla Siti hajafariki 1950! Ningekuwa mimi ningemuuliza: lile jina la Mtumwa, ulikuwa ukiitika vipi? Nyota tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya mama.

Vilivyobaki nitavipitia haraka. Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi nilikisoma kwa sababu bibi yangu ni wa Bumbuli na alitulea na kisa cha Mbegha, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, akakimbia kwao Nguu na mbwa wake wa kuwindia nguruwe. Anafika milimani, anawalisha watu nyama, wanampa wake, mwishowe wanampa nchi. Bibi kila siku alisema Wasambaa tuliuza nchi kwa mnofu. Nusu ya kwanza ni tamu kupita riwaya nyingi. Nusu ya pili ni vita vya wajukuu na vitukuu, majina yanarundikana mpaka unahitaji karatasi ya kuchora ukoo. Niliichora, iko nyuma ya risiti ya rangi.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi niliirudia kwa sababu ya filamu ya Amil Shivji ya 2021, nikagundua kwamba zamani nilimsoma Yasmin na Denge tu. Safari hii nimemsoma Mwajuma. Yasmin anaozwa kwa mzee wa kumzaa, anakimbia, ndugu wanamfungia mlango, na anayempa kitanda ni Mwajuma asiye na chochote ila chumba na mdomo. Hakuna mwandishi atakayemwandikia Mwajuma kitabu cha maisha yake, kwa hiyo nashukuru yupo humu.

Cha mwisho ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa, 1960. Kiko cha tumbaku, maswali yanayoonekana ya kijinga, rafiki yake Najum asiyeelewa kitu kama mimi. Hakifundishi lolote na hakijifanyi kufundisha, Kiunguja chake kinachekesha chenyewe, na nilihakikisha kurasa zote zimo. Nilikimaliza Ijumaa. Jumamosi mdogo wangu alipita akiwa njiani kurudi Tanga, akakitia mkobani bila kuomba. Kila nikimpigia ananiambia amebakiza kurasa tano.