Gereji ya Nyakato iliyoiponya IST yangu

Wakuu wa Mwanza wenye Toyota IST za injini ya 1NZ, hii ni kwenu. Mwaka jana fundi mmoja mjini alinitolea themostati (vali inayozuia maji yasiende kupozwa mpaka injini ipate joto) akasema "huku kwetu joto, haina kazi," akajaza maji ya bomba nikalipa nikaondoka. Kumbe bila themostati injini inachelewa kupata joto, kompyuta ya gari inadhani injini bado ya baridi inazidi kumwaga mafuta, nikawa naweka full tank mapema kuliko zamani nikilaumu plagi bure.

Juzijuzi naelekea Sengerema, nimepita Usagara, kabla sijafika daraja la Kigongo-Busisi taa nyekundu ya temprecha hiyo, nikazima nikakaa pembeni karibu saa nzima (jamani msifungue mfuniko wa rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ikiwa bado ya moto, utaungua uso) halafu nikavutwa mpaka Nyakato kwenye gereji ya uani, haina hata bango.

Hawa vijana nawapa nyota 4. Hawakukimbilia kuniuzia hedi gasketi (ile ya kuziba kati ya hedi na bloku ya injini), walipima presha kwanza, wakanionyesha rejeta imeziba kutu tupu na feni imekufa mota. Wakaflashi (wakasafisha njia za maji), wakaweka themostati ya digrii 82 na kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji safi, spea za zamani nikakabidhiwa zote mkononi. Hiyo heshima sijaipata gereji nyingine.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya muda, waliniambia jioni nikachukua gari kesho kutwa. Ila jana nimepanda nayo kilima cha Bugando na foleni na AC, imetulia kabisa.